Mtaa Ambao Biashara Haijawahi Kuwa Nzuri

Katika mtaa wa vifaa vya ushonaji hakuna mtu aliyewahi kukiri kwamba biashara ni nzuri. Mkute muuza vitambaa amezongwa na wateja hadi mlangoni, mikono miwili haimtoshi, kisha muulize hali ikoje. Atakujibu bila kuinua macho kwamba anasukuma siku tu. Muuza vifungo wa kona alipoonekana na gari jipya alisema ameazimwa. Walipomuuliza ameazimwa na nani, akasema na mke wake, tena analitaka lirudi kabla ya jioni.

Kwa jinsi wanavyoliona jambo lenyewe, huo si uongo. "Biashara vipi?" pale mtaani ni salamu, na salamu ina jibu lake. Ukisema nzuri, mwenye nyumba atasikia na kodi itapanda. Mtoza ushuru atakawia kidogo mlangoni kwako. Binamu ambaye hamjaonana tangu msiba wa mwisho atakumbuka ghafla kwamba mna damu moja. Kwa hiyo watu husema mbaya, ngumu, soko limelala, bora uzima, kisha wanaendelea kupima, kukata na kufunga mizigo.

Mwanamke wanayemwita Mama Sindano alikuwa akitoa jibu hilo kila siku, na kila siku aliuza. Duka lake ni jembamba, limebanwa kati ya duka la bitana na ngazi za kupanda ghorofani. Kuta mbili zimejaa droo ndogo hadi darini, na droo hazina maandishi. Mbele ya kila moja kimefungwa kwa waya kifaa kilichomo ndani: bobini, skrubu, meno ya cherehani, mguu wa kukandamiza kitambaa. Mteja anayejua anachotaka huonyesha kwa kidole. Asiyejua huja na kifaa kilichovunjika akiwa amekifunga kwenye leso, kama anapeleka mgonjwa kwa daktari. Mama Sindano hukigeuza kiganjani mara moja na kuuliza, "Ulikuwa unashona nini, turubai?"

Alianza akiwa fundi nguo. Cherehani chake cha kwanza kilikuwa kibovu, akajifunza kukitengeneza kwa hasira, na majirani wakaanza kumletea vyao. Baadaye akawa ananunua vipuri kwa waagizaji wakubwa na kuviuza kwa faida ndogo, mpaka siku aliposoma jina la kiwanda kwenye kasha la sindano na kuamua kuwaandikia wenyewe. Mzigo wa kwanza aliulipia wote kabla haujapakiwa. Wa pili alilipia nusu. Ilipofika zamu ya wa tatu, bwana wa ofisi ya mauzo kule kiwandani alimpigia simu na kumwambia kwamba angeutuma hivyohivyo, alipe baada ya siku tisini.

Hiyo ndiyo mali kauli: mzigo unaondoka kwa mwenyewe, naye anabaki na neno la mwenzake tu. Mama Sindano hakuwahi kuchelewesha malipo. Kwa kuwa yeye alipewa muda, naye aliwapa muda mafundi. Msimu wa sare za shule ulipokaribia, walichukua mota, mikanda na sindano, wakalipa baada ya wao kulipwa na wazazi. Mtaa mzima wa nyuma, vile vyumba ambamo vyerehani vinalia tangu asubuhi, ulikuwa umesimama juu ya siku tisini za mwanamke mmoja. Wengi wa mafundi hao hawakuwa na habari kwamba kuna kiwanda wala bwana wa mauzo.

Mdogo wake wa kiume alikuwa na habari. Mama yao alipofariki, kijana alikuwa bado shule ya msingi, na dada yake akamchukua. Alifanyia kazi zake za shule nyuma ya kaunta, akasomeshwa kwa droo zile hadi chuo kikuu. Mtaani walimwita Msomi, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa kujivunia. Wakati wa likizo za chuo ni yeye aliyetumwa benki kupeleka malipo ya kiwanda. Dada yake alimtuma mapema kuliko ilivyohitajika, naye alinung'unika.

"Dada, hata hawajatudai."

"Ndiyo maana tunalipa leo," dada yake alimjibu. "Wakidai tutakuwa tumechelewa."

Alipomaliza chuo, Msomi alipata kazi katika ofisi ya utafiti iliyoko kwenye jengo refu la vioo, akaoa binti wa Mzee wa Zipu, ambaye duka lake la zipu, nyuzi na vifungo linatazamana na la Mama Sindano. Siku ya harusi watu walisema kwamba sasa mtaa umefungwa zipu, upande huu na ule. Mama Sindano aliisimamia harusi ile kama mama mzazi. Aliyeshona gauni la bi harusi ni yeye, ingawa alikuwa ameacha kushona siku nyingi.

Ofisi ya Msomi ilikuwa na wateja wa nje waliotaka kujua kama wafanyabiashara wa nchi hii wana imani na kesho yao. Kwa miaka mingi walioulizwa walikuwa mameneja wa kampuni kubwa, na mameneja walijibu kimeneja: hali inatia moyo, fursa ni nyingi. Wateja wakaanza kushuku kwamba wanapakwa mafuta. Wakasema wanataka kusikia watu wa kaunta, wanaoshika mali kwa mikono yao. Msomi akawaambia wakubwa wake kwamba yeye anao mtaa mzima, na kwamba watu wake watamjibu bila kumwogopa.

Alikuja asubuhi moja siku ya kazi, amebeba simu pana ya ofisini yenye maswali, akamwomba dada yake amzungushe. Mama Sindano alifunga duka, jambo ambalo halifanyi siku ya kazi hata akiwa na homa, wakapita mlango kwa mlango. Kila walipoingia alisema maneno yaleyale: huyu ni mdogo wangu, mnamjua, mjibuni anachouliza.

Wakamjibu kama wanavyomjibu kila mtu. Muuza vitambaa alimwambia mambo yamekufa, kisha akamwomba asogee pembeni maana amewazibia wateja njia. Muuza vifungo alisema wanaishi kwa kudra tu, funguo za gari zikiwa zinaning'inia kidoleni. Muuza bitana alisema anafikiria kufunga. Amekuwa akifikiria hivyo tangu alipofungua.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa dada mtu. Alikaa kwenye kigoda chake akicheka, kwa sababu ilikuwa ni kichekesho kuulizwa na mtoto uliyemfundisha kufunga kamba za viatu kama mauzo yako yamepanda au yameshuka. Yameshuka, alisema. Na miezi ijayo? Yatashuka zaidi. Ndipo likaja swali la kama ni rahisi au vigumu kuwalipa wanaomletea mali kutoka nje.

"Kuwalipa?" alisema. "Tunawalipa huku tunalia."

Mteja aliyekuwa akisubiri mkanda wa cherehani naye akacheka. Msomi alibonyeza penye "vigumu sana", akaenda swali linalofuata. Alipomaliza alimshukuru dada yake, akanywa soda aliyofunguliwa, akaondoka.

Ripoti ilipotoka, redio ilisema kwamba imani ya wafanyabiashara imeporomoka kuliko wakati wowote tangu ianze kupimwa. Mtaani waliisikia kwenye kibanda cha chai. Muuza bitana alisema safari hii watafiti wamesema kweli, hali ni ngumu, kisha akarudi kwenye mabishano ya bei ya jora moja, akaliuza. Hakuna aliyetambua kwamba ile ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Wakati huo Mama Sindano alikuwa ameshatuma oda ya msimu wa sare: mota, mikanda, sindano za ukubwa wote. Simu kutoka kiwandani ikaja. Yeye na bwana wa mauzo walikuwa wakizungumza lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua vizuri, lakini kwa miaka walikuwa wameizoea kama watu wawili wanavyozoea kiti kibovu. Bwana huyo alipoozesha bintiye, Mama Sindano alimtumia kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe. Bwana yule humwita dada. Siku hiyo hakumwita hivyo.

Alisema mzigo uko tayari, ila utaondoka baada ya malipo yote kuingia. Mama Sindano alidhani amechanganya wateja. Akamweleza kwamba yeye ni yule wa siku tisini. Bwana akasema anajua anazungumza na nani. Kiwanda hutoa siku tisini pale tu ambapo mzigo umekatiwa bima, ili mnunuzi asipolipa wasipate hasara, na watu wa bima wameishusha daraja nchi ya Mama Sindano. Kuanzia sasa wateja wote wa huko wanalipa kwanza.

"Nimekosa wapi?" akauliza.

"Si wewe. Ni nchi yako."

"Nchi haijaagiza sindano. Nimeagiza mimi."

Bwana akamsomea kipande cha ripoti waliyotumiwa na watu wa bima. Kilisema kwamba wauzaji wa vitambaa na vipuri vya ushonaji wametamka wenyewe kuwa ni vigumu sana kwao kulipa mali wanayoagiza kutoka nje.

"Mmesema wenyewe, dada," akamalizia. Neno hilo lililokuwa limekosekana tangu mwanzo wa mazungumzo, lilipokuja halikumfaa kitu.

Alijaribu kumweleza desturi ya mtaa. Si kazi rahisi, kwa lugha yoyote ile, kumweleza mtu anayekudai kwamba watu wa kwenu husema hawawezi kulipa hali ya kuwa wanaweza. Kila alivyozidi kueleza ndivyo upande wa pili ulivyozidi kuwa na adabu, na mwishowe akaona ni afadhali aage.

Jumapili Msomi alikuja kula kwa dada yake, kama ilivyokuwa kawaida yake. Dada yake akamsimulia yote. Msomi aliweka kikombe chini. Alieleza taratibu jinsi ofisi yao inavyotuma majibu nje, jinsi majibu yote yanavyogeuzwa kuwa tarakimu moja, na jinsi watu wa bima, mabenki na viwanda wanavyoitazama hiyo tarakimu bila kuwatazama watu walio nyuma yake. Alipokuwa akisema alijisugua magoti kwa viganja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja kitu. Dada yake akamwonea huruma.

"Usijitese," alimwambia. "Hukujua."

Msomi aliendelea kujisugua magoti.

"Wewe ulifanya kazi yako. Sisi ndio midomo yetu haina breki."

Msomi hakumsahihisha, na dada yake akalihesabu hilo kuwa ni haya. Akamuuliza kama kuna namna ya kurekebisha. Alijibiwa kwamba majibu yakishatumwa hayabadilishwi, na duru nyingine ya maswali bado iko mbali. Akakubali. Wakati wa kuondoka alimfungia wifi yake chakula kwenye bakuli, akaliviringisha kitambaa lisimwagike garini. Baadaye, katika yote yaliyotokea siku ile, kulifunga bakuli lile ndiko kulikomkaa rohoni.

Alikusanya akiba yake, ikatosha sindano na mikanda. Mota hazikuwezekana. Kilichobaki ni kuwaambia mafundi kwamba msimu huu hakuna kuchukua kwanza na kulipa baadaye. Wa kwanza kuja alikuwa Fundi Sare, mwenye chumba kikubwa kuliko vyote mtaa wa nyuma, anayeshonea shule kadhaa. Alikuwa ameshapewa kazi, alihitaji mota kwa mashine zake za ovaloki, zile za kufunga kingo za kitambaa. Mama Sindano alimpa habari akiwa amesimama. Fundi alitazama rafu, akamtazama yeye.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, fundi."

Fundi Sare hakubisha. Fundi anayeondoka bila kubembeleza bei ameondoka moja kwa moja, na Mama Sindano analijua hilo. Alisimama mlangoni akamtazama akivuka barabara na kuingia dukani kwa Mzee wa Zipu. Akadhani amefuata zipu. Baada ya muda Fundi Sare alitoka na katoni begani, na ubavuni mwa katoni palichorwa mota.

Mzee wa Zipu hakuwa ameuza mota maisha yake yote.

Mama Sindano alivuka. Mzee ni mtu wa adabu, husimama hata akisalimiwa na mdeni wake. Aliitikia shikamoo yake, akamwita mwanangu, akamvutia kiti. Nyuma yake, mahali palipokuwa na rafu za nyuzi, katoni zilipangwa hadi juu: mota, mikanda, bobini. Aliyemletea ni msambazaji wake wa nje wa siku nyingi, anayemuuzia zipu, ambaye na mota pia anazo.

Mama Sindano alimpa hongera ya mzigo. Mzee akashusha sauti, kama mtu anayezungumza na mwenzake wa siri, akasema kwamba hata yeye alihofia mlango usije ukafungwa kabla meli haijaondoka, ila anamshukuru Mungu mkwewe alimtahadharisha mapema. Alimwambia aagize ya msimu huu na ya msimu ujao kabla ripoti haijatoka, kwa sababu ikitoka hakuna atakayepewa siku hata moja.

"Alikwambia lini, mzee?"

"Siku ileile mliyopita kutuhoji. Jioni alikuja kula hapa." Kisha akamwangalia vizuri, akaona uso wake. "Kwani wewe hukuambiwa?"

Nje mtu alikuwa akiburuta toroli. Mama Sindano alisubiri kelele zipite.

"Niliambiwa," akasema. "Nilichelewa tu kuagiza."

Mzee alishusha pumzi, akasema ndiyo biashara ilivyo, wakati mwingine mtu unachelewa. Akaagiza chai iletwe. Mama Sindano aliinywa yote.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Msomi. Hakuwa amewahi kufika. Kijana alipomwona mlangoni alinyanyuka haraka akiuliza nani amefariki. Akamwingiza kwenye chumba cha vioo ambacho, alisema kwa sauti ya chini, amepewa hivi karibuni. Kiti kilikuwa laini kupita kiasi, na Mama Sindano alikaa ukingoni ili asizame.

Akamuuliza kama siku ile aliposema wanalipa huku wanalia, alijua kwamba anatania.

"Nilijua."

"Na wale wengine?"

"Wote, dada. Nimekulia pale."

Basi kwa nini aliandika? Msomi akamweleza, na maelezo yake yalikuwa yamenyooka. Kazi yake ni kuandika anachosema mtu. Akianza kuandika anachokijua yeye, huo si utafiti tena, ni maoni yake. Na wateja walifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza walisikia kitu tofauti na maneno matamu ya mameneja. Ndiyo sababu ya chumba hiki. Dada yake alimsikiliza hadi mwisho. Alisema hilo ni la kazi, na la kazi analiacha.

"Mkweo ulimwambia siku ileile," akasema. "Mimi mbona hukuniambia?"

Msomi alitazama mlango wa kioo. Watu walikuwa wakipita na karatasi zao.

"Mzee anajua kunyamaza," akasema. "Wewe nilijua hutanyamaza. Ungetoka pale ungewaambia wote, wangenipigia simu wabadilishe majibu yao, na kazi yote ingeharibika."

Mama Sindano alilitafakari jambo hilo na kuona ni kweli tupu. Angewaambia wote. Asingemaliza hata kunawa mikono. Mdogo wake alikuwa amempima sawasawa, kama mlezi anavyoweza kupimwa na mtoto aliyemlea, na kwa kuwa alimkuta ni mkweli alimwacha nje.

"Na Jumapili ile," akamwambia, "nilikuwa nakupa pole."

Msomi alitoa ombi. Asiwaambie watu wa mtaani, kwa sababu hatapata tena sura ya kupita pale, na mzee wa watu ataitwa mwizi uzeeni. Mota atamlipia yeye. Sasa hivi anaweza, kwa mkupuo, bila kurudishiwa. Fundi Sare atarudi, mafundi wengine watarudi, duka litasimama kama zamani. Alisema hayo kwa upole na inawezekana alikuwa anamaanisha. Dada yake alisema atafikiri. Aliingia kwenye lifti akabonyeza kitufe sicho, ikampandisha hadi juu kabisa, akasimama huko katikati ya watu wasiomjua mpaka ilipoamua kushuka.

Alifikiri kwa siku kadhaa. Duka lingerudi, na bei yake ilikuwa kunyamaza, na kwa mtu mwingine yeyote hesabu ile ingekuwa nyepesi. Kilichomshinda ni kwamba alikuwa amemtembeza mlango kwa mlango. Hakuna aliyemjibu Msomi kwa ajili ya ofisi yake. Walimjibu kwa sababu aliyesimama mlangoni ni Mama Sindano. Sasa simu zilianza kuwaingilia na wao. Asubuhi moja muuza bitana alisikika akimpigia kelele mtu wa nje, akimuuliza amekosa nini. Wote wangedaiwa malipo kwanza, na wasingejua kwa nini, ila yeye.

Aliwaambia saa ya kufungua maduka, wakati watu wanafagia mbele ya milango na kunywa chai wamesimama. Hakupaza sauti. Alieleza swali lilikuwa nini, majibu yalikwenda wapi, nani aliyasoma, na kwamba mdogo wake alijua tangu mwanzo kuwa wanasalimiana tu. Alisema kuna aliyetahadharishwa, na watu wote wakageuka kutazama katoni za Mzee wa Zipu. Alisema aliyemleta Msomi kwao ni yeye mwenyewe, na anaomba radhi.

Alikuwa amejiandaa kusikia Msomi akitukanwa. Alitukanwa kidogo. Kisha mazungumzo yakahama.

"Aliingia dukani kwangu kwa mgongo wako," alisema muuza vifungo.

Muuza bitana aliuliza sindano mpya zilizoko kwenye droo zake zimefikaje, kama kweli mlango ulifungwa kwa wote. Mama Sindano akasema alilipia kwanza, kwa akiba yake. Akaulizwa mbona yeye alijua mapema kwamba ni lazima kulipa kwanza. Akasema alipigiwa simu. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilisikika kama limepangwa.

Muuza vitambaa, mama mtaratibu ambaye hupatanisha watu pale mtaani, ndiye aliyesema waliyokuwa wakiyawaza wote. "Mkwe aambiwe, na dada aliyemlea asiambiwe? Hilo, mwenzangu, halimezeki."

"Sikuambiwa," alisema Mama Sindano.

Mzee wa Zipu alikuwa amesimama mlangoni kwake, ufagio mkononi. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa ametajwa mbele za watu na alitaka mambo yawe wazi. "Lakini mwanangu," alisema, "si ulinieleza mwenyewe kwamba uliambiwa ukachelewa?"

Angeweza kueleza kwa nini alisema vile. Angelazimika kueleza kwamba alimficha mdogo wake aibu, na kwamba alijificha na yeye, asionekane kwamba aliachwa nje na mtoto wake wa kumlea. Alitazama nyuso zilizomzunguka, akaona kwamba maelezo yote yameshapoteza bei. Akaokota ufagio wake akaingia ndani.

Wafanyabiashara walichagua watu wawili wa kwenda ofisi ya utafiti kudai wahojiwe upya. Yeye hakuchaguliwa. Wawili wale walipokelewa vizuri, wakapewa maji ya chupa, wakaambiwa malalamiko yao yatafanyiwa kazi. Msomi alihamishiwa kitengo kingine, mshahara uleule. Mzee wa Zipu anauza mota kwa bei anayoitaka, na anapokutana na Mama Sindano barabarani wote wawili husalimiana kwa heshima na kila mmoja hushika njia yake. Fundi Sare alishona sare zake kwa wakati.

Ukuta mmoja wa droo umetolewa. Nusu ile ya duka imepangishwa kwa mtu anayeuza makava ya simu, na muziki wake husikika mpaka kwenye ngazi. Kiwanda kinaendelea kutuma picha za bidhaa mpya, na bado kinataka malipo kwanza. Mama Sindano huagiza anachoweza kulipia siku hiyo. Sindano zilizokuwa zikiuzwa kwa pakiti sasa huziuza mojamoja, amezichomeka kwenye kipande cha sponji, kwa mafundi wadogo wasio na pesa ya pakiti. Mafundi wakubwa hawapiti tena.

Msomi hapiti kula, lakini hupiga simu kila Jumapili, na dada yake huipokea. Humuuliza hali ya wifi, mafua ya watoto, mvua ya kwao. Hucheka panapostahili. Msomi akigusia habari za duka, dada yake humwambia amsamehe, ana mteja kaunta anamsubiri, na hukata simu.

Jumapili duka halifunguliwi. Msomi anajua.